Bakshishi si Mshahara



Yako mambo ya haki yanayojadiliwa bungeni na mahakamani, na yako mengine madogo yanayopita mbele ya macho yetu kila siku pasipo mtu kuyauliza. Safari hii tumechagua moja la hayo madogo, nalo ni fedha ya ziada inayotazamiwa na mtu aliyetuletea chakula tulichoagiza. Je, fedha hiyo ni deni? Ni sadaka? Ni hongo? Au ni mshahara ambao mwenye kazi amekwepa kuulipa, akauacha mikononi mwa mteja?

Tunajua wako watakaosema kwamba Tume ya Haki na Amani imekosa la kuandika. Wenye migogoro ya ardhi wapo, wenye kesi zisizokwisha wapo. Kwa nini basi tushughulike na shilingi mia tano ya binti wa mama lishe? Tunawajibu kwamba dhuluma haianzii ukubwani. Mtu aliyezoea kutolipa jasho la siku moja hatashindwa kutolipa jasho la mwaka mzima, na jamii iliyozoea kumwona mtumishi akiombaomba haitashangaa siku atakapoombwa yeye kitu cha aibu.

SAFARI YA SAHANI MOJA

Tutazame kwanza jambo lenyewe lilivyo hapa Ikola. Kazi ya mwaloni haina saa maalumu ya chakula. Wavuvi hurudi alfajiri wakiwa wamekesha ziwani. Dagaa na migebuka hawana budi kushushwa, kuuzwa au kuanikwa mapema. Mchukuzi hawezi kuuacha mzigo, fundi hawezi kuiacha mashine wazi, mwenye duka hana wa kumwachia duka. Kwa hiyo chakula ndicho kinachowafuata watu. Zamani mtoto alitumwa na bakuli, siku hizi mtu hupiga simu: “Mama, nifungie wali na samaki, uniletee huku chini.” Desturi ya chakula kumfuata mteja si ngeni katika ufuko huu. MV Liemba, meli iliyopewa jina hilo mwaka 1927 na kulitumikia ziwa letu kwa miongo mingi, ilipokuwa ikisimama mbali na nchi kavu, mitumbwi iliiendea hadi ubavuni, na pamoja na abiria na mizigo walikuwamo wauzaji wa vyakula.

Sasa tuifuate sahani hiyo. Mama lishe amenunua mchele, mafuta, mkaa na samaki. Binti anayemsaidia ameamka kabla ya mapambazuko kuwasha moto, ameosha vyombo, amefunga chakula, na sasa anateremka mchangani juani akiwa na vyakula vya watu watano. Tuseme chakula cha mtu mmoja ni shilingi 3,000, na mteja anatoa noti ya 5,000. Binti anasema, “Chenji sina.” Mara nyingine ni kweli hana. Mara nyingine anayo, lakini anangoja kusikia neno “baki nayo.” Mteja anahisi ametegwa, binti anahisi amedharauliwa. Wote wawili wanaachana wakinung’unika, na hakuna hata mmoja kati yao anayemkumbuka mtu wa tatu, ambaye hakuwapo pale mchangani: yule anayepaswa kumlipa binti.

Huko ndiko tunakotaka kuyaelekeza mawazo yenu. Katika maeneo mengi, na si hapa kwetu tu, msichana wa kibandani hana mshahara unaojulikana. Ana mlo, ana mahali pa kulala, ana ahadi ya “tutaangalia mwisho wa mwezi,” na ana maneno haya: “Wateja watakupa.” Kwa maneno hayo mawili mwajiri amejivua mzigo wake na kuutwika umati wa watu wasiojuana, ambao kila mmoja anaamini kwamba mwingine ametoa.

MAMBO MANNE YALIYOCHANGANYWA

Ugomvi mwingi wa mchangani unatokana na kuchanganya mambo manne ambayo yafaa kila moja lisimame peke yake.

La kwanza ni bei. Bei ni ya chakula pamoja na vyote vinavyokifikisha kikiwa salama. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, wauzaji wengi wamelazimika kutumia vifungashio vingine, navyo vina gharama. Muuzaji ana haki ya kuihesabu gharama hiyo, lakini aitaje kabla ya kufunga. Mteja asiisikie kwa mara ya kwanza chakula kikiwa mkononi.

La pili ni gharama ya kufikisha. Kijana wa bodaboda anayepeleka chakula mbali anachoma mafuta yake na muda wake. Hiyo ni nauli, na nauli hupatanwa mapema. Ndivyo ilivyo pia kwa “ya kutolea.” Anayelipa kwa simu bila kuongeza makato ya kutoa fedha, ilhali walikubaliana kwamba muuzaji atapokea bei kamili mkononi, amepunguza bei kwa hila. Anayeongeza fedha hiyo hajatoa zawadi, amekamilisha deni.

La tatu ni ujira. Huu ni wajibu wa mwajiri kwa mfanyakazi. Hautegemei kama siku hiyo wateja wamecheka au wamenuna, wala kama mwezi umekuwa wa giza na wavuvi wameshika fedha, au ni mbalamwezi na nyavu zimeanikwa.

La nne, na la mwisho, ndiyo bakshishi. Neno hili lina asili yake katika Kiajemi, na mzizi wake ni kutoa. Ni zawadi anayoitoa mtu kwa hiari baada ya kuridhika. Haiwezi kudaiwa, kwa maana zawadi inayodaiwa imekwisha kuwa kodi. Haiwezi kuwa sharti la kuhudumiwa, kwa maana zawadi inayotangulia huduma inakaribia kuwa hongo. Nayo haiwezi kuchukuliwa na mwajiri, kwa maana haikutolewa kwake.

SHERIA INASEMA NINI

Wako waajiri wanaodhani kwamba sheria za kazi ni za viwanda vya mijini na za mashirika makubwa. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia anayeosha sahani nyuma ya kibanda. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma, inadai mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na inataka saa za ziada zilipwe kwa kiwango cha juu zaidi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2013 iliwataja waziwazi watumishi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, ikawawekea shilingi 130,000 kwa mwezi, na amri zilizofuata zimekipandisha kiwango hicho. Kiwango cha aina hiyo ni cha mshahara. Mwajiri hakupewa ruhusa ya kukipunguza kwa kisingizio kwamba wateja wake ni wakarimu.

Lipo pia suala la makato. Sahani ikivunjika, au mteja akiondoka bila kulipa, mara nyingi fedha hukatwa kwa msichana palepale, hata ile bakshishi aliyopewa asubuhi huchukuliwa. Sheria hiyo hairuhusu jambo hili lifanyike kiholela. Hasara sharti iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Sharti aelezwe kwa maandishi chanzo chake na kiasi chake. Sharti apewe nafasi ya kujitetea. Na makato hayo yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Mama lishe wengi hawajui, na wasichana wengi zaidi hawajui. Hapo ndipo kiongozi wa Jumuiya anapokuwa na kazi.

Kuhusu watoto, sheria haina kigugumizi. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia asiende shule. Mtoto anayemsaidia mama yake baada ya masomo ni jambo moja. Mtoto aliyeletwa kutoka kijiji cha mbali, anayeshinda mwaloni na trei kichwani wakati wenzake wako darasani, ni jambo jingine kabisa, hata kama kila mteja anampa mia mbili.

MAFUNDISHO TULIYOYAPOKEA

Maandiko Matakatifu hayakuuacha ujira katika hiari ya mtu. Torati iliamuru kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake yote inautegemea ujira huo. Mtume Yakobo aliona ujira uliozuiliwa kuwa ni kitu chenye sauti, kinacholia hadi masikioni mwa Bwana. Tangu mwaka 1891, Papa Leo XIII alipotoa waraka wa Rerum Novarum, Kanisa limefundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi peke yake kuufanya mshahara uwe wa haki. Mtu mwenye njaa hukubali chochote. Kukubali kwake hakumfanyi aliyempa chochote kuwa mwenye haki. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa mwezi Mei 2025, alieleza kwamba alijichagulia jina hilo kwa kumkumbuka hasa Papa huyo na mafundisho yake juu ya kazi.

Basi tusichanganye haki na upendo. Upendo hujenga juu ya haki. Hauwi badala yake. Anayemnyima mfanyakazi mshahara kisha akampa kanga wakati wa Noeli hajatoa zawadi. Amerudisha kipande cha alichochukua.

TUJIFUNZE KWA WENGINE

Watu wetu walioko Marekani hutuambia kwamba huko mtu anayenunua chakula cha kuondoka nacho huwekewa mbele yake mashine ya malipo inayomuuliza ataongeza asilimia ngapi kwa ajili ya mhudumu, hata kama mhudumu amempa tu mfuko juu ya kaunta. Jambo hilo lilienea zaidi tangu mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, watu walipoacha kukaa migahawani na kuanza kuchukua chakula nyumbani. Mwanzoni ilikuwa shukrani kwa watu waliohatarisha afya zao. Baadaye ikawa desturi, na sasa wengi wanalalamika kwamba imekuwa tozo.

Lakini mzizi wake ni mrefu zaidi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1865, kampuni ya reli ya Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani wawe wahudumu wa mabehewa ya kulala. Iliwalipa kidogo, ikiwatazamia abiria wajazilize. Wahudumu hao walianzisha chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapata mkataba na kampuni mwaka 1937. Walitaka mshahara unaotosha, ili wasilazimike kuishi kwa tabasamu la kulipiwa. Hata hivyo desturi hiyo ilibaki katika migahawa, ikaingia hadi katika sheria: tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho ya nchi hiyo imemruhusu mwajiri kumlipa mtumishi anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa, mradi bakshishi ifidie pengo la kima cha chini. Tazameni mwisho wa njia hiyo. Zawadi imeingizwa katika hesabu za mwajiri, na mteja amegeuzwa mlipa mshahara asiye na mkataba. Taifa tajiri likishaifikia hali hiyo linashindwa kurudi nyuma. Sisi bado tuko mwanzoni mwa njia. Tuna nafasi ya kuchagua.

BAKSHISHI YENYE KAMBA

Liko jambo ambalo baadhi yenu mlitazamia tulifumbie macho. Hatutalifumbia. Msichana asiye na mshahara, anayepeleka chakula jioni kwenye vyumba vya wageni na kwenye kambi za wanaume, anategemea ukarimu wa mtu ambaye mlango wake umefungwa. Noti ya elfu kumi kwa chakula cha elfu tatu, yenye maneno “utaniletea tena kesho, uje peke yako,” si zawadi. Ni kamba, na ncha yake ya pili imeshikwa. Msichana mwenye mshahara wake anaweza kuitupa noti hiyo. Msichana anayedaiwa sahani iliyovunjika, na ambaye mama yake kijijini anangoja fedha ya dawa, atafikiri mara mbili. Mimba, maradhi na kuacha shule huanzia katika kufikiri huko mara mbili.

Kwa hiyo anayesema kwamba mshahara wa msichana wa kibandani ni jambo dogo, ajue kwamba anazungumzia ukuta wa mwisho uliobaki kati ya msichana huyo na mwindaji wake.

ZAWADI INAPOBADILI JINA

Taifa letu limekwisha kuonja jinsi zawadi inavyobadilika. Kwanza ilikuwa “asante.” Baadaye ikaitwa “chai,” kisha “ya soda,” “ya maji,” “ya vocha,” “kitu kidogo.” Mwaka 1996 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilieleza jinsi rushwa ilivyokuwa imeota mizizi katika huduma ambazo wananchi walistahili kuzipata bure. Hata chakula kilitumika. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mahakama haikukataza ukarimu wa Mwafrika. Ilikataza ukarimu usitumiwe kununua kisicho halali kununuliwa.

Tofauti basi ni hii. Binti wa mama lishe ukimwongezea mia tano baada ya kukuhudumia vema, hujamnyima mtu mwingine haki yake. Mtumishi wa umma ukimwongezea ili akutangulize, umemnyima aliyekuwa mbele yako kwenye foleni. Lakini tabia zote mbili hulelewa na ugonjwa mmoja: mtu kulipwa kidogo mno, au kutolipwa, kisha akaambiwa ajitafutie kwa anaowahudumia.

“NA MIMI NI MASKINI”

Mama lishe atatujibu: “Baba, mimi mwenyewe sina mshahara. Nikilipa kiwango hicho nitafunga kibanda.” Tunalisikia jibu hilo, wala hatulidharau. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, aliyeishi kwa kuwalisha wavuvi alikuwa miongoni mwa walioumia. Wengi wa akina mama hawa wanalea watoto peke yao, na baadhi ya wanaowakopa chakula ni watu wenye mishahara, wanaokula mwezi mzima na kupita njia nyingine siku ya malipo. Hao nao wasikie. Deni la chakula cha mama lishe ni jasho lililozuiliwa sawasawa na mshahara.

Lakini umaskini wa mwajiri haufuti haki ya mwajiriwa. Yako mambo ambayo hata maskini anayaweza: kutaja kiasi cha malipo siku ya kwanza, kukiandika katika daftari mbele ya shahidi, kulipa kila juma badala ya kungoja mwezi, kumpa msichana siku yake ya kupumzika, kutogusa bakshishi yake. Na kama bei ya chakula haitoshi kumlipa aliyekipika, basi bei hiyo ni ya uongo, na sisi walaji ndio tunaofaidi uongo huo. Tukubali kulipa bei ya kweli. Shilingi mia mbili iliyoongezwa kwenye bei na kumfikia mfanyakazi kama mshahara ina heshima kuliko mia tano aliyoinyoshea mkono.

TUNALOLIOMBA

Tunawaomba waagizaji wa chakula waulize bei kamili kabla ya kufungiwa, wawe na chenji au walipe kwa simu pamoja na gharama yake, wasilimbikize madeni, na wakitaka kutoa bakshishi waitoe hadharani, kwa mkono safi, bila maneno ya pembeni. Asiye na cha kuongeza asione haya. Neno “asante, umefanya kazi nzuri” halijapigwa marufuku, na asiyeongeza kitu hajakosa haki kwa mtu yeyote.

Tunawaomba WAWATA, ambao wanachama wao wengi wanafanya biashara hii, wakae na mama lishe wenzao na kupatana kiwango cha malipo ya wasaidizi katika eneo lao, ili mwema asishindwe na mnyonyaji kwa kuuza rahisi. UWAKA wazungumze na wanaume kuhusu noti zenye kamba. Jambo hilo litasemwa vema zaidi na baba kwa baba. Viongozi wa Jumuiya wawajue kwa majina wasichana na vijana wageni wanaofanya kazi katika eneo lao, na wajue wazazi wao wako wapi. Na kila parokia inapoagiza chakula cha semina au cha kupokea wageni, hesabu iwe na fungu la wapishi na wabebaji, lisiloachiwa ukarimu wa wageni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni nani wanaopika, kufunga na kupeleka chakula kwa niaba ya wengine? Tunajua wanalipwa kiasi gani na lini?

2. Je, yuko mtoto aliye chini ya miaka 14 anayefanya kazi hiyo wakati wa masomo? Jumuiya itachukua hatua gani kabla ya mkutano ujao?

3. Ni madeni gani ya chakula tunayodaiwa sisi wenyewe, na tutayalipa tarehe gani?

Tunawakabidhi maswali hayo, tukiwasihi msiyamalize kwa maneno. Mwenye kibanda na aanze na daftari lake, na mwenye deni aanze na mfuko wake.

Amani ya Kristo ikae nanyi.